Nimeuacha Moto wa Mama Yako Uzime

Nafula mwanangu,

Ukirudi kutoka mjini utakuta jiko limepoa. Usishtuke, na tafadhali usikimbilie kwa jirani na kigae mkononi kuomba makaa. Paa halikuvuja. Senje hakusahau. Ni mimi. Asubuhi, pikipiki iliyokubeba ilipokata kona ya shamba la miwa, nilitwaa fimbo yangu nikaenda jikoni kwa mama yako, nikaketi juu ya kigoda chake, nikayavuta magogo ya mkaratusi kutoka katikati ya mafiga, moja huku, jingine kule. Kisha nikautazama moto ukiondoka. Haukuwa na haraka. Wakati fulani mkono wangu ulinyooka wenyewe kutaka kuyarudisha magogo pamoja, nikaukalia.

Sasa niko barazani, karatasi iko juu ya ubao wa kukatia mboga, kwa kuwa meza umeijaza nguo zako. Mwandiko unayumba. Mtu aliyewaadhibu watoto wa watu kwa mwandiko mbaya maisha yake yote leo anaomba asamehewe wa kwake.

Sitakuandikia habari za makoti mazito wala za kufunga mlango vizuri. Hayo Senje wako amekwisha kukuambia, na mengine ameyabuni. Tangu huyo dada yangu Rasoa ahamie hapa kusaidia kunitunza, nyumba hii haijawahi kupungukiwa na maagizo. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya moto, maana juzi wakati wa chakula ulikaribia kufanya jambo ambalo nisipolizuia leo sitapata siku nyingine ya kulizuia.

Unakumbuka. Ulikuwa umemega ugali ukaushika tu mkononi.

“Baba, naweza kuwaandikia hao Wajerumani waniwekee hiyo nafasi ya kazi mpaka mwaka ujao,” ulisema. “Watu huahirishanga.”

“Huo mwaka utamsaidia nini huyu?” Senje akaninyooshea mwiko. “Utamrudishia meno?”

“Si hivyo, Senje. Ni huu moto wa Mama. Nikienda nani ataulinda? Wewe unapikia gesi.”

“Moto! Mnaulindanga kama benki, na sijaona mtu amekuja kutoa kitu.”

Tulicheka, mimi mpaka nikakohoa. Lakini nilikuwa nimekutazama usoni. Haukuwa uso wa mtu anayetafuta kisingizio. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua kubaki, anatafuta tu namna ya kutuambia. Nami nikanyamaza, kama nilivyonyamaza mara zote. Ninakuandikia kwa sababu ya kunyamaza huko.

Historia ya ule moto unaijua nusu. Bibi yako, mama yangu, ndiye aliyeuleta. Kwa ukoo wetu mke mpya hakupika kwake mpaka apewe moto. Mama yako alipofika hapa kama bibi harusi alipikia kwenye jiko la mama mkwe, akilaumiwa kwa chumvi na kwa maji, mpaka siku bibi yako aliporidhika. Siku hiyo alichota makaa kwa kigae, akavuka ua, akayaweka katikati ya mafiga mapya bila kusema neno, akarudi zake. Eseri akapiga magoti akapuliza. Kuanzia hapo, kila jioni aliyafukia makaa kwa majivu, na kila asubuhi aliyafukua, akaweka vijiti vya mpera, akapuliza tena. Majirani walituma watoto kuomba moto kwake. “Kwa Eseri hapazimi,” walisema, na mimi nilijivuna kana kwamba niliwahi kukata hata kuni moja.

Asubuhi baada ya kumzika mama yako, mtu wa kwanza kuingia jikoni nilikuwa mimi, niliyekuwa sijui hata chumvi inakaa wapi. Nikafukua majivu. Makaa yalikuwepo, mekundu. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu afariki, nikaapa mbele ya mafiga kwamba moto ule hautazima nikiwa hai.

Ulikuwa ujinga, Nafula. Na ajabu ni kwamba katika Navakholo nzima mimi peke yangu nilikuwa nimesomeshwa ili nisiufanye.

Unajua nilisoma India. Umeiona ile picha ya kijana mwembamba mwenye suruali pana, ukaicheka ipasavyo. Nilipelekwa Pune kusoma historia, na kila mwanafunzi wa historia ya kale alipaswa kuchukua lugha moja ya kale. Wenzangu walichagua Kisanskriti. Mimi nilichagua Kipali, lugha ya maandiko ya mwanzo ya Wabudha, kwa sababu darasa lake lilianza saa nne asubuhi. Ningependa kukuambia kwamba nilitafuta hekima. Nilitafuta usingizi.

Mwalimu wetu alikuwa mama mzee tuliyemwita Bai, kama wanafunzi wa huko wanavyowaita walimu wa kike. Alikuja darasani na kiberiti ndani ya mfuko wa miwani yake. Tulikuwa wachache kiasi kwamba mmoja wetu akiugua darasa lilionekana limeahirishwa.

“Mkitaka kuwaelewa watu hawa,” alituambia, “sahauni moto mnaoujua ninyi.”

Sisi tunasema moto unaowaka uko hai, na ukizima umekufa. Wao, alisema, waliona kinyume. Moto unaowaka ni moto ulionaswa. Umeng'ang'ania kuni, nazo kuni zimeung'ang'ania. Haupumziki, unarukaruka, una joto kama mgonjwa wa homa. Kuni zikiisha, moto huachia, ukatulia. Neno lao la kuzima kwa moto ni nibbana, na neno hilohilo ndilo walilolichagua kwa amani iliyo kuu kuliko zote. Watu wa mbali walipolisikia wakadhani Wabudha wanasifu kufa. “Hapana,” Bai alisema, “ni neno la jikoni. Hata wali uliopoa ukafaa kuliwa ungelipata neno hilo.” Nilimwelewa papo hapo. Nani kwetu asiyejua raha ya obusuma, ugali wetu, uliokuwa ukichoma vidole, sasa umekubali kumegwa?

Akatueleza kwamba zamani hizo katika nchi ile, mwenye nyumba wa tabaka la makuhani aliweka mioto mitatu, akailisha samli na kuni maisha yake yote. Akatueleza pia habari za ndugu watatu, watawa wenye nywele za kusokotana, walioishi kando ya mto wakiutunza moto kama ibada. Buddha alipowatembelea na yule mkubwa akasadiki, alinyoa nywele zake akazitupa mtoni pamoja na vyombo vyake vyote vya moto. Ndugu yake aliyeishi upande wa chini wa mto akaona vyombo vinaelea, akadhani kaka yake amepatwa na balaa, akaja mbio.

Kwa watu wa namna hiyo, ambao mikono yao ilikuwa bado inanukia moshi, Buddha hakuanza na habari za mbingu. Aliwaambia kwamba kila kitu kinawaka. Macho yanawaka, na kinachoonwa kinawaka. Masikio, ulimi, mwili, akili, vyote vinawaka. Na moto wenyewe ni tamaa, na chuki, na upumbavu wa kutoona mambo yalivyo. Mitatu, kama ile ya makuhani. Bai alipenda kuamini kwamba hesabu hiyo ilikuwa utani wa makusudi: mnajisumbua kulisha mioto mitatu uani, kumbe mitatu mnayoilisha kweli ni hii. Wasomi wengine hawakukubaliana naye. Hakujali hata kidogo.

Nilirudi nyumbani na digrii, na kiburi, na suruali ile. Mchungaji wetu aliniuliza siku moja nje ya kanisa, “Mwalimu, hawa Wabudha wako wanasema nini?” Ulikuwa msimu wa kuchoma miwa, majivu meusi yalikuwa yananyesha juu ya mashati yetu meupe ya Jumapili. Nikamwonyesha mashati. “Wanasema hivi, Mchungaji. Shamba linaloungua si letu, lakini tazama.” Akacheka, akasema nisiyalete mahubirini. Nilifurahi sana kwa jibu hilo. Nilikuwa na majibu mazuri siku zile.

Kisha kaka yako akafariki. Hukumkuta, alikuwa mtoto wa kutambaa, homa ikamchukua. Mama yako alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi sikulia. Niliketi hapa nilipoketi sasa nikasahihisha madaftari, nikajiambia kwamba nimepoa, kwamba nimefika mahali ambapo watawa hufika kwa jasho la miaka. Jioni mama yako akasimama mlangoni.

“Mwalimu,” akasema, “hata jiwe limepoa. Nani umemsikia akilisifu?”

Nikaendelea kusahihisha.

Nilikuwa nimesahau nusu ya somo, mwanangu, ile nusu isiyonifaa. Katika lugha ileile, mtu mwenye bidii ya kweli huitwa kwa neno linalotokana na joto. Joto la mwili walilihesabu pamoja na uhai wenyewe. Likiondoka, mtu ameondoka. Watu wale hawakuuchukia moto. Walichokiogopa ni kule kushikana, kuni na mwali visivyojua kuachana. Mimi sikuwa nimepoa. Nilikuwa makaa chini ya majivu, ambayo juu yanaonekana kijivu na salama, na mwenye kutia mkono ndiye anayejua. Mama yako alitia mkono miaka mingi. Alipougua ndipo nilipoanza kujifunza kumwambia maneno ya kawaida, kama vile kwamba nilimkosa alipokwenda sokoni. Alinitazama kama mtu aliyeletewa barua iliyopotelea njiani. “Haya,” alisema, “endelea.” Hatukupata muda mrefu wa kuendelea.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini niliapa pale jikoni. Sikuwa nauapia moto. Nilikuwa na deni la maneno, nikataka kulilipa kwa kuni.

Na sasa lile lenyewe. Moto wa mama yako ulizima katika mvua za kwanza baada ya mazishi. Nilifukia kwa majivu yenye unyevu, kazi ya mtu asiyejua. Asubuhi nikafukua, nikafukua, mpaka nikafika udongoni. Baridi. Nikatazama mlangoni kama mwizi, nikachomoa kiberiti nilichokuwa nikiwashia taa, nikauwasha upya kwa ukurasa wa gazeti. Hata sikuwa na adabu ya kutumia vijiti vya mpera.

Wewe ulikuwa Nairobi, fundi umeme mpya kutoka chuo cha Sigalagala, unapanda ngazi za watu. Ulipokuja likizo uliingia jikoni ukasimama mbele ya mafiga. “Bado ni ule ule, Baba?” ukauliza. Nikasema, “Ni ule ule.” Ukapiga magoti mahali alipopiga yeye, ukapuliza, na mgongo wako ulikuwa mgongo wake. Hukurudi Nairobi. Ulisema ni kwa sababu ya afya yangu. Afya yangu siku hizo ilikuwa nzuri kuliko ya mchungaji.

Nilikuona ukiufuata ule moto kama mama mwenye mtoto mchanga. Ulifunga nyaya katika nyumba za watu kuanzia hapa hadi mjini, lakini jua likianza kushuka ulikusanya vifaa vyako urudi kufukia makaa. Ulipopata kazi ya kudumu Chekalini, yenye nyumba ya kulala, ulikataa. Yule fundi mwenzako mpole aliyetaka mkaanze maisha Eldoret alichoka kushindana na mawe matatu. Alikuja kuniaga, unajua hilo? Alisema, “Mzee, sina ubaya.” Nami nikamwambia, “Nenda salama, kijana,” nikampa ndizi. Ndizi, Nafula. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, nikampa ndizi.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mafuta taa. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, na upande wa jiko ulikuwa umelowa. Uliniletea chai hapa barazani, na kikombe kilinukia mafuta taa, na vidole vyako vilinukia mafuta taa, na macho yako hayakunitazama.

“Chai iko sawa, Baba?”

“Iko sawa.”

Nikainywa yote.

Lile la kiberiti nimejisamehe. Mjane mwanamume mbele ya majivu baridi atafanya lolote. Kosa langu liko kwenye kikombe kile. Ningesema tu, “Nafula, hata mimi,” tungecheka mpaka kuku wakimbie, nawe ungekuwa huru kuanzia asubuhi hiyo. Nilijua. Nilijua vizuri kwamba ulizima ukauwasha upya, kama ninavyojua jina langu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ubaki. Nikakutazama ukiamka kabla ya jogoo kwenda kuukagua moto, ukidhani umemkosea mama yako, ukiubeba uongo wako peke yako, nami nikakuacha uubebe kwa kuwa ulikuwa unaniletea chai. Moto haukuwa wa mama yako tena. Ulikuwa wangu, na kuni zake zilikuwa wewe.

Nisamehe. Ningeweza kuliandika neno hilo kwa Kipali na Kiingereza na Kiluhya, na kwa kila lugha lingekuwa fupi.

Jana nilimweleza Senje yote, kama kujipima kabla ya kukueleza wewe. Nilidhani atanikaripia. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

“Eseri? Huyo Eseri alikuwanga na kiberiti kwa fundo la leso kila siku ya Mungu! Kwani ulidhani mvua ilikuwa inamwogopa? Mimi mwenyewe nilimnunulia kingine pale soko ya Navakholo.”

“Na watoto waliokuja kuomba moto?”

“Si walipewa? Kuna mwenye alirudisha akisema si wenyewe?” Akajifuta macho. “Nyinyi watu wa vitabu! Sasa wewe huko jikoni siku zote unalianga moshi ama unalianga bibi yako Eseri?”

Sikuwahi kuvitenganisha.

Bai alitupa swali la taa katika mtihani: mwali unaowaka jioni na ule wa alfajiri, katika taa ileile, ni mmoja au ni miwili? Wabudha wa kale walikataa kusema ni uleule, wakakataa pia kusema ni mwingine kabisa; kila mwali umetokana na uliotangulia, na hakuna kilichobebwa mkononi kutoka saa moja hadi nyingine. Nilipata alama nzuri. Nikaja kukaa na wewe miaka yote hiyo ndani ya swali lenyewe, nikashindwa kulijibu kwa mdomo.

Nilikuwa nikikusikiliza ulipojifunza Kijerumani pale jikoni, unataja majina ya vitu kwa sauti huku ugali unaiva, kila kitu na jinsia yake: sufuria, kijiko, mwezi, mlango. Senje aliponong'ona, “Huyu anaongea na nani, na kuku?” nilimwambia anyamaze. Ulikuwa na furaha ambayo sijaisikia kwako tangu ulipokuwa shuleni. Joto la namna hiyo ndilo lile neno lingine la Bai, la mtu anayewaka kwa bidii. Usilizime. Sikuandika barua hii ili uwe mtu baridi. Nimekwisha kuwa mtu baridi, na sikupendekezei kazi hiyo.

Huko utapata mtu wa kupenda, au amekwisha kupatikana na mimi ndiye sijaambiwa. Pika naye, gombana naye, mwambie unapomkosa. Lakini usimfanye kuni zako, na usikubali kuwa kuni za mwingine, hata kama huyo mwingine ni mzee mwenye kikohozi ambaye unampenda.

Daktari alituambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka. Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi mzuri aliyefeli, na wewe ukanunua machungwa njiani kana kwamba machungwa yatabishana naye. Tuseme basi. Nitaondoka ukiwa huko. Watu wa ukoo watawasha moto mkubwa uani kama ilivyo desturi, watauota wakibishana siasa na kumaliza chai, mpaka siku ya kuyatoa majivu. Atakuwepo wa kusema kwamba mtoto wa marehemu ndiye anayepaswa kutia gogo la kwanza. Mwache aseme. Senje atatia, na atatoa na hotuba. Usivuke bahari kwa ajili ya moto wangu. Ukija, njoo kwa kuwa umetamani kuja. Usipoweza, siku hiyo panda ngazi yako, funga nyaya zako vizuri, uwashie watu taa.

Siku moja Bai aliwasha njiti mbele yetu, akaishika mpaka mwali ukakaribia kidole, ukazima.

“Umeenda upande gani?” akauliza. “Mashariki? Magharibi? Kaskazini? Kusini?”

Nikainua mkono. “Juu, Bai. Umekuwa moshi.”

Darasa likacheka. “Huo ni moshi,” alisema. “Mimi nimeuliza moto.”

Alisema Buddha mwenyewe aliulizwa hivyo juu ya mtu aliyepoa kabisa: akifa huenda wapi? Naye akamjibu muulizaji kwa mfano wa moto uliozima. Uliwaka kwa sababu ya kuni, kuni zimekwisha, kuuliza umeelekea wapi ni kumtafutia njia asiyekuwa msafiri.

Mimi si mtu wa namna hiyo. Tamaa zangu ninazo bado. Leo nimetamani kuku, ingokho ya kuchemshwa, na nimetamani ubaki. Tena mimi ni Mkristo wa benchi la nyuma, na ninayatumaini ninayoyatumaini. Lakini mafiga yalipopoa leo niliweka kiganja juu yake, nikangojea kusikia kwamba mama yako ameondoka. Sikusikia hivyo. Yeye alikwisha kuondoka zamani, vizuri, mbele yangu, na mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kilichoachia leo ni mkono wangu uliokuwa umekushika wewe. Umekufa ganzi kidogo. Utapona.

Nasikia pikipiki langoni. Umerudi mapema. Unabishana na mwendeshaji.

“Pole pole na hiyo sanduku, wewe!”

“Madam, umebeba nini, mawe?”

“Haina kitu hata, ni mpya!”

Umeliona paa la jiko.

“Baba! Mbona hakuna moshi?”

Nilikuwa nimepanga uikute barua hii juu ya nguo zako, nami nijifanye nimelala. Unaita tena, na sauti yako ina hofu. Hapana, sitakuacha usome hofu hiyo mpaka mwisho wa karatasi. Nipe muda nisimame. Nakuja kukuambia mwenyewe.

Baba yako